Jongo: Uchungu uko kidoleni, chanzo kiko kwenye figo

Ni saa nane za usiku. Ulilala ukiwa buheri wa afya, kisha ghafla unaamshwa na uchungu kwenye kidole gumba cha mguu. Kidole kimevimba, ngozi yake imekaza na kung'aa, na kina joto kama kilichochomwa kwa moto. Hata shuka ikikigusa unapiga kelele. Kufikia asubuhi huwezi kuvaa kiatu wala kukanyagia mguu huo.

Ikiwa jambo hili limewahi kukupata, msomaji, au limempata baba yako, mjomba au jirani, basi huenda unaufahamu ugonjwa wa jongo, ambao wengi siku hizi huuita gauti. Na huenda pia ulifanya kama wafanyavyo wengi. Ulimtuma mtoto kwenye duka la dawa akakununulia tembe za kutuliza maumivu, ukameza, na baada ya siku chache ukarudi kazini. Uchungu uliisha na ugonjwa ukasahaulika.

Hapo ndipo hatari inapoanzia. Ingawa jongo huonekana kuwa ugonjwa wa viungo, mara nyingi ni ishara kwamba figo hazitoi taka mwilini ipasavyo. Na zile tembe unazomeza ili kutuliza uchungu, zikitumiwa ovyo kwa miaka mingi, zinaweza kuziharibu figo hizo hizo. Figo zikiharibika, jongo nalo huzidi.

Asidi ya yuriki ni nini?

Kila siku chembe za mwili wako hufa na nyingine mpya kuzaliwa. Katika shughuli hiyo, na pia katika kusaga baadhi ya vyakula, mwili hutoa taka iitwayo asidi ya yuriki. Takriban theluthi mbili ya asidi hii hutengenezwa na mwili wenyewe, na theluthi moja tu ndiyo hutokana na chakula. Wanyama wengi wana kimeng'enya cha kuivunjavunja taka hii. Sisi binadamu hatuna.

Asidi hiyo lazima itoke. Theluthi moja hivi hutoka kupitia matumbo, na theluthi mbili hutolewa na figo kupitia mkojo. Kila figo ina vichujio vidogo sana vipatavyo milioni moja. Vichujio hivi huitoa asidi ya yuriki kwenye damu, lakini sehemu yake kubwa hurudishwa tena kwenye damu kabla mkojo haujafika kwenye kibofu. Kwa hivyo kosa dogo tu katika kazi ya figo latosha kuifanya taka hii ilimbikizane.

Fikiria sinki ya jikoni. Maji yanaweza kufurika kwa sababu mfereji umefunguliwa kupita kiasi, au kwa sababu tundu la kutolea maji limeziba. Kwa wagonjwa wengi wa jongo, tatizo si mfereji bali ni tundu. Si kwamba wanakula nyama kuliko majirani zao. Ni kwamba figo zao zinatoa asidi kidogo kuliko inavyotakikana, wakati mwingine kwa sababu walizaliwa hivyo, na wakati mwingine kwa sababu figo zimeanza kudhoofika.

Kiasi cha asidi hii kinapopita takriban miligramu 6.8 katika kila desilita ya damu, yaani maikromoli 400 hivi kwa lita, damu hushindwa kuiyeyusha yote. Ni kama sukari kwenye chai. Ukiitia nyingi mno, na chai ikapoa, hutuama chini ya kikombe. Vivyo hivyo, asidi hugeuka kuwa chembechembe ngumu zenye ncha kali kama sindano, nazo hupenda kutuama kwenye viungo vilivyo mbali na moyo, ambako mwili una baridi zaidi. Ndiyo sababu kidole gumba cha mguu ndicho hushambuliwa kwanza mara nyingi, kisha kifundo cha mguu, goti, kiwiko na vidole vya mikono. Askari wa mwili wanapozivamia chembechembe hizo, uvimbe na uchungu hutokea.

Si ugonjwa wa matajiri

Tangu zamani jongo limeitwa ugonjwa wa wafalme na matajiri, watu wa kula nyama na kunywa mvinyo. Lakini historia yenyewe inatuonyesha kwamba figo zilikuwemo katika habari hii tangu mwanzo. Mwaka 1776, mkemia wa Uswidi Carl Wilhelm Scheele aliigundua asidi ya yuriki, na mahali alipoipata ni kwenye vijiwe vya njia ya mkojo. Ilikuwa hadi mwaka 1797 ambapo William Wollaston wa Uingereza alionyesha kwamba vinundu vya wagonjwa wa jongo navyo vimetokana na asidi hiyo hiyo.

Mwaka 1848, daktari Alfred Garrod wa London aliipata asidi hiyo kwenye damu ya wagonjwa wa jongo. Baadaye aliona jambo la ajabu. Baadhi ya wagonjwa wake hospitalini hawakuwa matajiri. Walikuwa wapaka rangi na mafundi wa mabomba, watu walioshika madini ya risasi kila siku. Leo tunajua kwamba risasi huingia mwilini na kudhuru figo, na figo zilizodhurika huizuia asidi ya yuriki isitoke. Watu hao hawakuponzwa na karamu. Waliponzwa na figo zao.

Hata nchini mwetu, ugonjwa huu hauchagui. Humpata mfanyabiashara, mwalimu na hata mkulima asiyeonja nyama ila siku ya Krismasi. Wanaume hupatwa zaidi kuliko wanawake. Homoni ya kike husaidia figo kutoa asidi, na kwa hivyo wanawake wengi hupata jongo baada ya kukoma hedhi. Wenye shinikizo la damu, kisukari, unene wa kupita kiasi na ugonjwa wa figo wamo katika hatari kubwa zaidi.

Jinsi figo zinavyoharibika kimyakimya

Tuchukue mfano wa dereva wa lori anayesafiri kati ya Mombasa na Malaba. Ana umri wa miaka 45. Hanywi maji mengi kwa sababu hataki kusimama njiani kila mara kwenda haja. Mchana hula nyama na kuteremshia kwa soda baridi, na jioni hunywa bia mbili tatu. Ana presha, na zahanati ilimpa tembe za kupunguza maji mwilini. Kidole kinapomuuma, hununua diklofenaki au ibuprofeni. Huu ni mwaka wa kumi akifanya hivyo, na kila mwaka jongo linamjia mara nyingi kuliko mwaka uliopita.

Tuangalie kinachotokea ndani yake. Figo huhitaji damu nyingi ili zifanye kazi. Wakati mwili umepungukiwa na maji, kuna kemikali ambazo mwili hutengeneza ili kuiacha wazi mishipa inayopeleka damu kwenye figo. Dawa kama diklofenaki, ibuprofeni na indomethasini hutuliza uchungu kwa kuzizuia kemikali za aina hiyo. Matokeo yake ni kwamba uchungu hupungua, lakini damu inayofika kwenye figo nayo hupungua. Kijana mwenye afya anayemeza tembe hizo siku mbili tatu huenda asidhurike. Lakini kwa mtu mwenye presha, asiyekunywa maji, na anayemeza pia dawa za kupunguza maji na zile za presha kama enalaprili, mchanganyiko huo unaweza kuzigonga figo kwa ghafla.

Jambo la kuhuzunisha ni kwamba figo hazilii. Mtu anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu za figo zake bila kuhisi lolote. Miguu inapoanza kuvimba, uso kufura asubuhi, pumzi kukata na hamu ya chakula kutoweka, mara nyingi maji yameshazidi unga. Hapo ndipo dereva wetu anaambiwa kwamba itambidi aunganishwe na mashine ya kusafisha damu mara mbili au tatu kwa wiki, kila mara kwa takriban saa nne. Mtu wa namna hiyo hawezi tena kuendesha lori hadi Malaba. Watoto wanaomtegemea kwa karo watakula wapi?

Vijiwe vya figo

Kuna njia nyingine ambayo asidi ya yuriki hudhuru figo. Mkojo ukiwa mchache na mkali, asidi hiyo inaweza kugandamana na kuwa vijiwe ndani ya figo. Dalili zake ni maumivu makali ya ubavuni yanayoshuka hadi kwenye kinena, kutapika, na wakati mwingine damu kwenye mkojo. Kijiwe kikiziba njia, mkojo hurudi nyuma na kuifanya figo ivimbe.

Vijiwe hivi vya asidi ya yuriki kwa kawaida havionekani kwenye picha ya eksrei ya kawaida, kwa hivyo usikubali kuambiwa huna kitu kwa sababu ya picha hiyo pekee. Kipimo cha mawimbi ya sauti, kile kinachotumiwa kwa akina mama waja wazito, huweza kuvionyesha. Habari njema ni kwamba vijiwe vya aina hii mara nyingi vinaweza kuyeyushwa kwa dawa za kupunguza ukali wa mkojo pamoja na kunywa maji mengi, bila kupasuliwa.

Vipimo vya kuomba

Ukishikwa na jongo, hata kama ni mara ya kwanza, usiridhike na tembe. Nenda hospitalini na uombe mambo manne. Kwanza, damu ipimwe asidi ya yuriki. Fahamu kwamba wakati wa shambulio kipimo hiki kinaweza kuonekana cha kawaida, kwa hivyo kirudiwe baada ya wiki mbili hadi nne. Pili, damu ipimwe kreatinini, ambayo ndiyo huonyesha jinsi figo zinavyofanya kazi. Tatu, mkojo uchunguzwe kama una protini au damu. Nne, upimwe presha na sukari, kwa kuwa magonjwa haya mawili ndiyo yanayoua figo za watu wengi zaidi.

Weka karatasi za majibu yako kwenye faili nyumbani. Kreatinini ya mwaka huu ikilinganishwa na ya mwaka jana humwambia daktari mengi kuliko kipimo kimoja.

Tahadhari moja: kiungo kilichovimba pamoja na homa kali na kutetemeka huenda si jongo bali ni usaha ndani ya kiungo. Hiyo ni dharura. Usingoje kesho.

Matibabu salama kwa figo

Matibabu ya jongo yana sehemu mbili, na wagonjwa wengi huijua moja tu.

Sehemu ya kwanza ni kutuliza shambulio. Pumzisha mguu, uuinue, na uukande kwa barafu iliyofungwa kwa kitambaa. Ikiwa figo zako ni dhaifu, daktari anaweza kuepuka diklofenaki na wenzake na kukupa kolchisini kwa kipimo kidogo, au prednisoloni kwa siku chache. Kolchisini ni dawa nzuri lakini ina sumu ikizidi, na mwenye figo mbovu hupewa kiasi kidogo zaidi. Usimpe jirani dawa yako, wala usimeze ya jirani.

Sehemu ya pili ni kuipunguza asidi yenyewe, na hii ndiyo inayosahaulika. Dawa inayotumiwa sana ni alopurinoli, iliyotokana na utafiti wa Gertrude Elion na George Hitchings wa Marekani, waliotuzwa Nobeli mwaka 1988. Huanzishwa kwa kipimo kidogo, miligramu 100 au chini ya hapo kwa siku, na mwenye ugonjwa wa figo huweza kuanzishwa kwa 50. Kisha huongezwa polepole hadi asidi ishuke chini ya miligramu 6 kwa desilita, yaani maikromoli 360 kwa lita. Ikikaa hapo, chembechembe za zamani huanza kuyeyuka zenyewe.

Hapa kuna mambo ambayo huwavunja wengi moyo. Katika miezi ya kwanza ya alopurinoli, jongo linaweza kukurudia kwa sababu chembechembe zinapoyeyuka huchokoza viungo. Usiiache. Daktari hukupa kolchisini kidogo ya kukukinga kwa miezi mitatu hadi sita. Dawa hii kwa kawaida humezwa kwa miaka mingi, si ya siku ya uchungu pekee. Lakini ukitokwa na upele, vidonda mdomoni au homa baada ya kuianza, iache mara moja na ukimbie hospitalini. Na ikiwa umepandikizwa figo na unameza azathioprini, usiguse alopurinoli bila ya daktari wako wa figo kujua, kwa maana dawa hizo mbili zikikutana zinaweza kuharibu uwezo wa mwili kutengeneza damu.

Pengine utauliza: je, mtu asiye na jongo ameze alopurinoli ili kuzikinga figo? La. Uchunguzi mkubwa wa aina mbili uliochapishwa mwaka 2020 uliwahusisha watu wenye ugonjwa wa figo ambao hawakuwa na jongo, na haukuonyesha kwamba dawa hiyo inapunguza kasi ya kuharibika kwa figo. Kuwa na asidi nyingi kwenye damu bila dalili yoyote si sababu tosha ya kumeza dawa.

Dawa nyingine unazomeza

Kuna dawa ambazo hupandisha asidi ya yuriki kwa kuzifanya figo ziizuie. Miongoni mwake ni zile za kupunguza maji ambazo hupewa wenye presha, aspirini ya kipimo kidogo ya wagonjwa wa moyo, na pirazinamidi inayotumiwa katika kutibu kifua kikuu. Usiziache kwa hiari yako, hasa ile ya kifua kikuu. Mwambie daktari kwamba una jongo. Kwa wenye presha, kuna dawa kama losatani ambayo hushusha presha na pia husaidia figo kutoa asidi kidogo.

Jihadhari pia na unga na vidonge vya "miti shamba" vinavyouzwa kwenye mabasi na sokoni kwa madai kwamba vinamaliza maumivu yote ya viungo. Mwaka 2022, idara inayosimamia chakula na dawa nchini Marekani ilionya kuhusu vidonge vya viungo vilivyouzwa kama dawa asilia, kumbe ndani yake mlikuwa na diklofenaki na steroidi ambazo hazikutajwa kwenye pakiti. Dawa ya kienyeji inayoondoa uchungu kwa saa moja huenda si ya kienyeji.

Chakula na kinywaji

Chakula peke yake hakitoshi kutibu jongo, lakini husaidia. Punguza maini, figo, matumbo na nyama nyekundu, pamoja na dagaa na omena. Bia ni mbaya maradufu. Ina viini vinavyogeuka kuwa asidi ya yuriki, na kileo chenyewe huzifanya figo ziizuie asidi hiyo. Chang'aa nayo haina nafuu. Soda na sharubati zenye sukari nyingi pia hupandisha asidi, jambo ambalo wengi hawalijui.

Kwa upande mwingine, usijinyime maharagwe, ndengu na mboga za majani bila sababu. Uchunguzi umeonyesha kwamba mboga na nafaka za jamii ya kunde hazileti jongo kama nyama inavyoleta. Githeri na sukuma wiki si adui zako. Maziwa, hasa yaliyopunguzwa mafuta, yameonekana kuwakinga watu. Ila ikiwa ugonjwa wa figo umeendelea sana, mtaalamu wa lishe huenda akakupunguzia vyakula fulani, navyo hutofautiana kwa kila mgonjwa.

Kunywa maji hadi mkojo wako uwe mweupe au wa manjano hafifu. Wenye figo zilizoshindwa kabisa au moyo dhaifu wafuate kipimo cha daktari, kwa kuwa kwao maji mengi ni hatari. Na ukiwa mnene, punguza uzito polepole. Kufunga chakula kwa ghafla hupandisha asidi na kuleta shambulio.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa figo ni ghali mno kuujenga. Kipimo cha kreatinini na mkojo hugharimu kidogo ukilinganisha na mashine. Kwa hivyo, usiku ule kidole kitakapokuamsha tena, kitulize, lakini asubuhi ichechemee safari ya hospitalini. Usimwambie daktari tu kwamba kidole kinauma. Mwambie akuchunguze figo.